Nani Aketi Barazani? Hotuba ya Halmashauri Kuu kwa Mkutano wa Mwaka, juu ya Muungano wa Kaunti za Pwani



Kwa desturi, hotuba ya Halmashauri katika mkutano wa mwaka huwa ni habari za mazishi tuliyosaidia, karo za watoto tulizochanga, na ada tunazowadai wanachama waliosahau njia ya kwenda kwa Mweka Hazina. Habari hizo zimo katika kurasa za mbele za kitabu hiki, na kila mmoja aweza kuzisoma kwa wakati wake. Leo twaomba ruhusa ya wazee tuseme juu ya jambo lisilokuwamo katika hesabu zetu, walakini laweza kugusa visima vyetu, mashamba yetu na bahari yetu kuliko mchango wowote tuliowahi kupitisha. Kaunti 6 za Pwani zimeungana ili kupanga uchumi wao pamoja. Je, katika baraza la muungano huo ni nani anayeketi, na ni nani anayesimama nje akingoja kuambiwa yaliyokwisha kukatwa?

Yafaa kwanza tueleze muungano wenyewe, kwani si kila mjumbe amepata nafasi ya kuusikia. Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 iliigawa nchi yetu katika kaunti 47, nazo zilianza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Kaunti hizo zilipewa kilimo, afya, masoko, barabara ndogo, maji ya nyumbani na mambo mengine mengi. Walakini haikupita muda ikaonekana kwamba mto haujui mpaka wa kaunti, wala samaki haulizi yuko kwa Gavana gani. Katiba ilikuwa imeliona hilo mapema. Kifungu cha 189 chaziruhusu serikali za kaunti kushirikiana, na kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Ndipo Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta zilipoanzisha Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Si sisi peke yetu. Kaunti za upande wa Ziwa Victoria nazo zina muungano wao, kadhalika zile za Mlima Kenya, na zile za kaskazini zenye ukame.

Sisi wa Halmashauri twaunga mkono Jumuiya hii, na twaomba jambo hilo lieleweke mapema, ili asitokee mtu kesho akasema kwamba chama chetu kimekwenda kinyume cha umoja wa Pwani. Tunalouliza ni juu ya viti.

Waliopata umri mkubwa miongoni mwetu wanakumbuka kwamba hii si mara ya kwanza kwa Pwani kuahidiwa baraza lake. Katika mwaka 1963 nchi ilipata uhuru ikiwa na katiba ya majimbo 7, na Pwani ilikuwa moja. Marehemu Bw. Ronald Ngala na chama cha KADU walikuwa wameyatetea majimbo hayo kwa nguvu zao zote. Lakini chama hicho kilivunjwa katika Novemba 1964, Jamhuri ikatangazwa tarehe 12 Desemba mwaka uleule, na nguvu za majimbo zikaondolewa hata likabaki jina. Wanahistoria watatoa sababu nyingi, nasi hatubishani nao: serikali kuu ndiyo iliyoshika fedha, na serikali kuu haikuyapenda majimbo. Kwa maoni yetu iko na sababu nyingine ambayo haitajwi sana. Jimbo lilizungumzwa na wakubwa kule London, likaletwa limekwisha kushonwa. Mvuvi wa Vanga na mkulima wa Wundanyi hawakuulizwa walitaka jimbo liwafanyie nini, na lilipoondolewa hawakuona kwamba wamenyang'anywa kitu cha kwao. Wachache sana walililia kaburini. Twaogopa Jumuiya ya leo isije ikazikwa namna hiyo.

Na tuyatazame mambo ya maji, maana hapo ndipo neno hili linapoonekana waziwazi.

Mji wa Mombasa hauna mto wa maji matamu wa kuutosha. Watu wake wanakunywa maji ya majirani. Chemchemi ya Marere iko katika vilima vya Shimba, kaunti ya Kwale, na visima vya Tiwi viko Kwale vilevile. Maji ya Baricho yanavutwa kando ya mto Sabaki, katika kaunti ya Kilifi. Na maji ya Mzima yanatoka mbali zaidi, katika mbuga ya Tsavo Magharibi, ndani ya Taita Taveta, ambako mvua ya vilima vya Chyulu hunywewa na mawe ya volkano na kutokea tena chini ikiwa safi kama kioo. Bomba la Mzima lilijengwa katika miaka ya 1950, likasafiri zaidi ya kilometa 200 mpaka pwani. Basi, mama mmoja wa Taita Taveta aweza kusimama na ndoo tupu kichwani, karibu na njia ya bomba lililojaa maji yaendayo kwa watu wengine. Jambo hili limekuwa hivyo kwa miaka mingi, na viongozi na wananchi wa kule wamedai mara nyingi sehemu ya mapato ya maji hayo, na maji yenyewe yawafikie kwanza.

Twauliza: neno kama hili laweza kukatwa na nani? Gavana wa Mombasa ana haki ya kuwasemea watu wake zaidi ya milioni moja, ambao bila maji ya jirani hawawezi kuishi hata juma moja. Gavana wa Taita Taveta ana haki ya kuwasemea wake, ambao kwa kawaida husemwa kwamba zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti yao imo ndani ya mbuga za Tsavo, na katika hiyo hawalimi wala hawalishi. Wakiketi hao wawili na wenzao wanne, huenda wakapatana juu ya bei na mgawanyo. Lakini je, wamejua kwamba bomba la kijiji fulani hufunguliwa usiku wa manane tu, na wasichana ndio wanaoamka kulikinga? Je, wamejua ni mfugaji gani aliyefungiwa njia ya kunyweshea ng'ombe wake na ua wa mradi? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hatusemi kwamba magavana ni watu wabaya. Twasema kwamba hawakilalii kitanda hicho.

Na kwa bwawa la Mwache, lililopangwa Kwale kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili Mombasa na Kwale zipate maji zaidi, hesabu ni ileile. Shamba linalofunikwa na maji liko upande mmoja, na mifereji mingi iko upande wa pili.

Sasa twafika mahali ambapo yatupasa kusema ukweli juu yetu wenyewe, na twaomba wazee watuvumilie. Mwaka uliopita ofisi moja, ambayo hatutaitaja jina kwa kuwa si desturi yetu kusengenya katika kitabu kilichopigwa chapa, ilitualika tutoe maoni juu ya mpango mmoja wa maendeleo. Barua ilifika siku ya Jumanne, mkutano ukawa siku ya Alhamisi. Halmashauri yenu iliwachagua wajumbe watatu kwa haraka. Wote watatu walikuwa wanaume, wote walikuwa na umri wa kupita miaka 60, na wote walikuwa wakaaji wa mjini, kwani hao ndio walioweza kufika bila kulipa nauli. Walipoingia walikuta kitabu kinene cha Kiingereza juu ya kila kiti. Hotuba zilichukua asubuhi yote. Maswali yalipewa muda kabla tu ya chakula, na mmoja wa wajumbe wetu akauliza swali moja juu ya barabara. Kisha daftari ikapitishwa, wakatia sahihi, wakala, wakapewa nauli, wakarudi.

Miezi michache baadaye tuliona karatasi iliyosema kwamba mpango umekubaliwa na wananchi, na katika orodha ya waliokubali kulikuwa na jina la chama chetu. Sahihi ya kuhudhuria ilikuwa imegeuzwa sahihi ya kukubali.

Tulikasirika, na tulikuwa na haki ya kukasirika. Walakini katika kikao kilichofuata mama mmoja, mjumbe wa tawi, alisimama akauliza kwa upole: kama ofisi ile ilikosa, je, Halmashauri ilifanya vema? Ni nani katika wale watatu aliyewahi kuchota maji kwa kichwa? Ni nani kati yao anayelima shamba ambalo mpango huo ulitaka kulipitishia barabara? Hapakuwa na jibu. Husemwa kwamba penye wazee haliharibiki neno, nasi twaamini hivyo. Lakini wazee hao wakiwa wote wa mtaa mmoja, laweza kuharibika mbele ya macho yao na wasilione.

Basi tusidhani kwamba kuitwa barazani ni sawa na kuwa na kiti. Mahakama zetu nazo zimekwisha kulisema jambo hili. Bandari mpya ilipoanza kujengwa Lamu, wavuvi wa huko walienda mahakamani wakidai kwamba kazi hiyo iliwaharibia mahali pao pa kuvua tangu mababu, na kwamba hawakupewa habari wala nafasi ya kutosha ya kusema. Katika Aprili 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba wana haki, na wavuvi kama 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa katika Mei 2021, na wavuvi wakaendelea kungoja fedha zao. Huko huko Lamu, kampuni moja ilikuwa imepewa kibali katika mwaka 2016 cha kujenga kituo kikubwa cha umeme wa makaa ya mawe. Tarehe 26 Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilikifuta kibali hicho, na moja ya sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Tazameni hasara yake. Fedha za serikali, fedha za wenye mitaji, miaka ya kazi, na udugu wa watu wa mji mmoja waliogawanyika, wengine wakitaka kazi na wengine wakitaka bahari. Mkutano wa kweli, ulioitishwa mapema, ungegharimu mikeka, chai na nauli. Wako wanaosema kwamba kuwashirikisha watu wengi ni kuchelewesha maendeleo. Twawajibu kwamba kesi huchelewesha zaidi.

Huenda mzee mmoja akauliza: je, hakuna sheria? Iko. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, kifungu cha 137, yaagiza kila kaunti iwe na Baraza la Bajeti na Uchumi. Gavana ndiye mwenyekiti. Wamo mawaziri wake wa kaunti, na pamoja nao watu wasio watumishi wa serikali, ambao idadi yao ni sawa na ya mawaziri hao. Watu hawa hupendekezwa na vyama vya wataalamu, vya wafanya biashara, vya wafanya kazi, vya wanawake, vya watu wenye ulemavu, vya wazee, na vya dini. Tumelisoma neno hilo "wazee" mara mbili, ili tuwe na hakika. Wazee mlio mbele yetu mna kiti chenu kwa sheria, si kwa hisani ya mtu. Twauliza ni wangapi kati yenu waliowahi kuambiwa.

Lakini sheria hiyo yahusu kaunti moja moja. Haikusema neno juu ya kaunti 6 zilizoungana. Katiba nayo, katika kifungu cha 10, imetaja ushirikishwaji wa watu miongoni mwa maadili yanayowafunga wote wenye kushika madaraka, ila haikutupa orodha ya viti katika muungano wa kaunti. Hapo ndipo penye mwanya. Jambo ambalo Gavana hawezi kulifanya peke yake nyumbani bila kupita mbele ya wazee, akina mama na wenye maduka, aweza kulipatana na wenzake watano katika chumba cha hoteli, kisha akarudi nalo nyumbani kama jambo lililokwisha. Hatusemi kwamba ndivyo inavyofanyika. Twasema kwamba mlango huo uko wazi, na mwenye nyumba mwenye busara hungojei mwizi ndipo atafute komeo.

Kwa hiyo Halmashauri yaomba mkutano huu ukubali kuandika barua kwa Jumuiya na kwa magavana wote 6, tukitaka liwepo baraza la wananchi wa Pwani nzima, lililowekwa kwa maandishi katika mapatano ya muungano, likutane kabla ya baraza la magavana na si baada yake. Tutalieleza kidogo, maana katika Halmashauri lilitupa kazi ya usiku mwingi.

Swali la kwanza lilikuwa la hesabu. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2019 Pwani yote ilikuwa na watu 4,329,474. Kilifi peke yake walikuwa 1,453,787, na Lamu walikuwa 143,920. Kila mtu mmoja wa Lamu alikabiliwa na watu kumi wa Kilifi. Tukigawa viti kwa wingi wa watu, Lamu na Tana River na Taita Taveta hawatasikika. Tukigawa kwa kaunti sawa sawa, mtu wa Kilifi ataona kwamba sauti yake imepunguzwa ikawa sehemu ya kumi. Na ukitazama ardhi, mambo yanageuka tena: Tana River ni nchi ya zaidi ya kilometa za mraba 35,000, hali kisiwa cha Mombasa na viunga vyake havifiki hata 300. Baada ya maneno mengi tulikubaliana kwamba viti viwe sawa kwa kila kaunti. Sababu yetu ni kwamba wengi wana njia nyingine za kujikinga, wana wabunge wengi na wapiga kura wengi, bali mdogo hana ila kiti chake. Tena tuliongeza sharti moja: neno linalogusa maji au ardhi ya kaunti fulani lisipite mpaka wajumbe wa kaunti hiyo, si Gavana wake tu, walikubali. Mjumbe mmoja alisema sharti hilo litafunga mikono ya Jumuiya. Huenda ikawa kweli mara moja moja. Sisi tumeona afadhali mikono ifungwe kidogo kuliko bomba la pili lipite penye ndoo tupu.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Ni nani "mtu wa Pwani"? Hapakuwa na shida juu ya Mijikenda, Waswahili, Wataita, Wataveta, Wapokomo, Waorma, Wabajuni na wengineo waliojulikana tangu zamani. Hapakuwa na shida juu ya Waboni, ambao wenyewe hujiita Aweer, na Waata, ambao wengi huwaita Wasanye, ijapokuwa katika miaka yote ya chama hiki hatukumbuki kumwona hata mmoja wao mbele ya mkutano wetu. Katiba katika kifungu cha 56 yataka jamii ndogo kama hizo zipate nafasi katika uongozi, na kwa kuwa idadi yao haiwezi kuwapa kiti kwa kura, yafaa kiti kiwekwe kwa ajili yao. Shida ilikuja tulipofika kwa watu waliotoka bara wakakaa nasi. Maneno makali yalisemwa. Wengine walisema hao wana kwao. Wengine walijibu kwamba mtu aliyezaliwa Likoni, akasoma Likoni, na kumzika baba yake Likoni, kwao ni Likoni. Halmashauri ilipiga kura, na kwa wingi mdogo tukakubali kwamba viti viwe vya wakaaji, bila kuuliza ukoo. Twajua baadhi yenu mtachukizwa. Tulikumbuka kwamba katika mwaka 2012 damu ilimwagika katika bonde la mto Tana kati ya wakulima na wafugaji, watu zaidi ya 100 wakafa, na wote walikuwa wenyeji wa kaunti ile ile. Ugomvi ulikuwa juu ya maji na malisho. Kuwa mwenyeji hakukuwaletea amani, ila labda kuketi pamoja mapema kungaliwaletea.

Juu ya akina mama hatukubishana sana, na pengine hiyo ni kwa sababu mama yule wa tawi alikuwa amekwisha kutuaibisha. Kifungu cha 27 cha Katiba chasema kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Wacheni tuiache sheria, tutazame kazi. Katika mipango ya uchumi wa bahari, ambayo siku hizi hutajwa katika kila hotuba, mwani ni mojawapo ya mazao yanayotegemewa, na ukienda Kibuyuni katika Kwale utawakuta wanawake wakiufunga mwani kwenye kamba maji yanapokupwa, wakiuvuna na kuuanika. Itakuwaje zao la mwani lipangiwe bei na soko na watu wasiojua maji hukupwa saa ngapi?

Vijana watasema tumewasahau, basi tuseme upesi kwamba hatukuwasahau: viti vyao vimo katika barua, na katibu atawasomea.

Kuna mambo mengine yanayoonekana madogo, nayo ndiyo yanayomfungia mtu mlango zaidi ya sheria. La kwanza ni lugha. Katiba yasema lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza, hata hivyo vitabu vya mipango hutujia kwa Kiingereza peke yake, tena Kiingereza cha wataalamu, ambacho hata walimu wetu hukisoma wakikuna vichwa. Twataka mpango wowote wa Jumuiya uandikwe kwa Kiswahili pia, utolewe siku 30 kabla ya mkutano, na mkutanoni wawepo wakalimani kwa wasiosikia Kiswahili vizuri na kwa wasiosikia kabisa kwa masikio. La pili ni mahali. Mtu wa Kiunga akiitwa Mombasa hupoteza siku mbili za kazi njiani na nyingine za kurudi. Twataka mikutano izunguke: leo Hola, kesho Voi, kesho kutwa Lamu. Mkubwa akikaa siku moja Hola wakati wa jua kali atafahamu mambo mengi ya maji bila kuandikiwa. La tatu ni daftari. Sahihi ya kuhudhuria iwe katika ukurasa wake, na maoni ya kila kundi yaandikwe katika ukurasa mwingine, yakiwemo ya wale waliokataa, na majibu yarudishwe kwao kabla ya uamuzi. Hili la tatu twaliona ndilo lenye nguvu kuliko yote, kwani mtu akisema neno na asijibiwe mara tatu, mara ya nne haji.

Wazee, barua hii haitakuwa na uzito ikiwa nyumba yetu wenyewe iko kama ilivyo. Halmashauri Kuu ina watu 11. Mwanamke ni mmoja, naye tulimfanya mwandishi wa kumbukumbu. Hakuna mtu mwenye ulemavu, wala aliye chini ya miaka 35. Wanane kati yetu twakaa mjini. Tulizoea kuwazika watu wetu vizuri kuliko kuwapangia maisha, na kwa kazi ya mazishi huenda Halmashauri ya namna hii ilitosha. Kwa kazi hii mpya haitoshi. Kwa hiyo, pamoja na barua, twaleta mbele yenu badiliko la kanuni yetu ya 6: Halmashauri iwe na watu 15, wasiopungua 5 wawe wanawake, 2 wawe vijana, 1 awe mtu mwenye ulemavu aliyechaguliwa na wenzake, na kila tawi la nje ya mji liwe na mtu wake. Wanne kati yetu wameahidi kuachia nafasi zao leo hii, kabla ya kura, ili pasiwe na mtu wa kusema kwamba twatetea viti vya wengine tukiwa tumeng'ang'ania vyetu.

Tena twaomba mkutano uchague wajumbe wanne wa kupeleka barua. Tumependekeza wawili wa kutoka matawi ya mbali, mmoja mzee na mmoja mama mkulima, hata ikiwa gharama itapanda. Na itapanda. Mweka Hazina ametuonya kwamba nauli na malazi ya watu hao kwa safari za mwaka mzima hayakuwamo katika makisio, na kwamba njia iliyopo ni kuongeza ada ya mwezi, au kupunguza fungu la chakula katika mkutano huu wa mwaka ujao. Halmashauri imeona chakula kipunguzwe. Hesabu yenyewe imo katika ukurasa unaofuata, na sasa twampisha Mweka Hazina aisome, kisha maswali yaanze kutoka viti vya nyuma.